Nani Anasema? Usomaji wa Maandishi ya Usakinishaji wa NetBSD kwenye SPARCstation

Mwezi Aprili 1989 kampuni ya Sun Microsystems ya California ilitoa kompyuta bapa iliyoitwa SPARCstation 1. Ndani ya miaka mitano ndugu zake walikuwa wameenea katika maabara za vyuo vikuu na ofisi za wahandisi: SPARCstation 2, IPC, IPX, kisha 10, 5 na 20. Sun yenyewe haipo tena, kwani Oracle iliinunua mwaka 2010, lakini mashine zake nyingi bado zinawaka. Wanaozitunza leo huziwekea NetBSD, mfumo endeshi wa jamii ya Unix ulioanzishwa mwaka 1993, ambao hadi toleo la 10.0 la Machi 2024 bado unatengenezwa kwa ajili ya prosesa hizo za biti 32. Kazi ya kuuweka hukwama mara kwa mara. Inapokwama, mtu habaki na kitu cha kushika ila maandishi: mistari michache kwenye skrini, mingine ya maneno mawili tu.

Nataka kuyasoma maandishi hayo kama mhakiki anavyosoma matini yoyote, kwa kuanza na fani. Maswali ni yaleyale tunayouliza mbele ya riwaya au tamthilia. Nani anasema? Anajua nini, na hajui nini? Vitu anaviita kwa majina gani? Hoja yangu ni kwamba matini hii ina wasimulizi wanne, na kwamba sehemu kubwa ya kukwama hutokana na kuisoma kana kwamba ina msimulizi mmoja.

Msimulizi wa kwanza ni PROM, programu iliyochomwa kwenye chipu ya ubao mama, inayoamka mara tu umeme unapoingia. Wa pili ni kipakiaji, programu ndogo ambayo kazi yake yote ni kuitafuta kerneli na kuileta kwenye kumbukumbu. Wa tatu ni kerneli yenyewe. Wa nne ni kisakinishi, kinachouliza habari za diski na seti za faili. Kila mmoja ana sarufi yake na mipaka ya ujuzi wake. Tatizo la msomaji ni kwamba skrini haiweki kizuizi kati yao. Herufi kwa kawaida ni zilezile, nyeusi juu ya weupe, na mstari wa mmoja hufuata mstari wa mwenzake bila nafasi wala kichwa cha sura. Kuna bango fupi tu la kipakiaji linalojitaja jina na toleo, nalo hupita haraka.

PROM ya Sun huitwa OpenBoot. Aliyeibuni ni Mitch Bradley, akaijenga juu ya Forth, lugha ya programu ya Charles Moore, na mwaka 1994 muundo wake ukafanywa kuwa kiwango cha IEEE chenye namba 1275. Kwenye SPARCstation 1 huweza kukupokea kwanza na alama ya ">" yenye amri chache za herufi moja. Ukiandika n unaingia kwenye hali kamili, ile ya "ok". Hiyo "ok" wengi huichukulia kuwa mwaliko wa kuandika. Katika Forth ni jibu. Inafunga sentensi iliyotangulia: nimesikia, nimetenda. Kwa hiyo ukiandika amri na kurudishiwa "ok" tupu, usingoje maelezo mengine, kazi imekwisha. Na neno isilolifahamu hulirudia kama ulivyoliandika na kuliwekea alama ya kuuliza. Hivyo ndivyo inavyolilalamikia neno geni, na mimi naiona ni adabu nzuri ya maandishi: haikisii ulichokusudia.

Sasa kauli yake mashuhuri kuliko zote, inayotokea karibu na nembo ya Sun kwenye mashine nyingi zilizolala stoo kwa miaka: "The IDPROM contents are invalid". Yaliyomo kwenye kitambulisho si halali. Ndani ya mashine hizi mna chipu moja, MK48T02 kwenye za mwanzo na MK48T08 kwenye nyingi zilizofuata, yenye saa, kumbukumbu ya mipangilio, na betri ya lithiamu iliyofungiwa ndani ya plastiki hiyohiyo. Betri hiyo ilitarajiwa kudumu takriban miaka kumi. Ikifa, mashine husahau anwani yake ya Ethernet, namba yake ya utambulisho, hata aina yake yenyewe. Lakini tazama kauli ilivyojengwa. Haitaji betri. Haitaji chipu. PROM haina njia ya kujua habari za betri. Inachojua ni kwamba imesoma baiti 16 na hesabu ya baiti hizo haikubaliani na namba ya uhakiki iliyowekwa mwishoni. Inasema ilichokiona, basi. Kutoka hapo hadi kwenye betri ni safari ya msomaji mwenyewe.

Safari hiyo ni ngumu zaidi kwa sababu betri ileile hulalamikiwa tena, na PROM yenyewe na kerneli, kwa maneno ambayo hayafanani kabisa. Ukijaribu kuwasha mashine kupitia mtandao, kitambulisho kilichofutika huifanya itumie anwani ya ff:ff:ff:ff:ff:ff, seva haimtambui mtu wa anwani hiyo, na PROM huanza kurudia kwamba muda wa kungoja umepita. Ukifanikiwa kuiwasha kwa diski, kerneli itafika na kusema kwamba saa imeongezeka au imepungua siku nyingi mno, uikague na kuirekebisha tarehe. Hitilafu ni moja. Kauli ya kwanza inazungumzia utambulisho, ya pili mtandao, ya tatu wakati. Anayeandika kila ujumbe kwenye karatasi yake na kuutafutia dawa yake atakagua kebo za mtandao na kusahihisha tarehe kila asubuhi, huku chanzo kikiwa ni kiseli kidogo cha volti tatu kilichokauka.

Dawa ya kudumu ni kubadilisha chipu, au kuichonga plastiki mpaka zionekane ncha za betri na kuunganisha nyingine kwa nje. Baada ya hapo kitambulisho lazima kiandikwe upya kwa mkono, mbele ya "ok", na hapa ndipo penye maandishi ninayoyapenda kuliko yote katika fani hii. Amri inaitwa mkp. Huandikwa thamani kwanza, kisha nafasi, kisha kitenzi. Kwa SPARCstation 2 unaanza na "1 0 mkp": weka 1 kwenye nafasi ya 0. Kisha "55 1 mkp", maana 55 ndiyo alama ya aina ya mashine hiyo. Halafu 8, 0 na 20 kwenye nafasi ya 2, 3 na 4, kwa kuwa hivyo ndivyo zinavyoanza anwani za Ethernet za Sun. Namba zote ni za msingi wa kumi na sita, hata pale zinapoonekana kama za kawaida. 20 hapo ni thelathini na mbili yetu. Anwani humaliziwa na baiti tatu za hiari yako, nafasi nne za tarehe ya kutengenezwa hujazwa sufuri, na baiti tatu za namba ya mashine huandikwa. Watu wengi huchagua c0, ff na ee kwa sehemu zote mbili kwa sababu zinasomeka "coffee", kahawa. Inafaa kwa mashine moja. Ukiziweka mbili za namna hiyo kwenye mtandao mmoja, zitagombea anwani na utapata hitilafu ambayo hakuna msimulizi hata mmoja wa wale wanne atakayeitaja.

Kisha unakuja mstari wa kufungia:

0 f 0 do i idprom@ xor loop f mkp

Usome polepole. Sufuri ya kwanza ndiyo jumla ya kuanzia. Inawekwa chini na kungoja. "f 0 do" inafungua mzunguko: anza na 0, komea kabla ya f. Kikomo kinatajwa kabla ya mwanzo. Ndani ya mzunguko, i ni nafasi tuliyofikia, "idprom@" inaichota baiti iliyopo hapo, "xor" inaichanganya na jumla inayongoja. "loop" inarudi. Mwishowe "f mkp" inaichukua jumla iliyokamilika na kuiweka kwenye nafasi ya f. Angalia f hiyo inavyotokea mara mbili. Mara ya kwanza ni mpaka ambao mzunguko hauuvuki. Mara ya pili ni makao ya jibu. Nafasi pekee ambayo hesabu haikuigusa ndiyo inayopokea hesabu. Hakuna neno la ziada hapo, na hakuna neno unaloweza kuliondoa.

Tena mstari huu unathibitika kwa kalamu. Ukiwa umetumia c0, ff, ee mara mbili, mara ya pili inaifuta ya kwanza, kwa kuwa ndiyo tabia ya xor: kitu kikichanganywa na nafsi yake hubaki sufuri. Zinasalia 01, 55, 08 na 20, na mchanganyiko wake ni 7c. Hiyo 7c ndiyo inayopaswa kukaa kwenye nafasi ya mwisho. Ukiandika "banner" na anwani uliyoichagua ikatokea, na lawama ya awali ikawa imetoweka, umesomwa sawasawa. Ila kumbuka kwamba bila betri maandishi hayo yanadumu kadiri umeme unavyodumu. Ukiwasha upya kwa amri ya "reset" hayaguswi, ukizima kabisa yanakwenda.

Nimeukalia mstari huo kwa muda kwa sababu unaonyesha PROM katika ubora wake. Kwenye mtandao inaonyesha udhaifu wake.

Ukiandika "boot net", mashine isiyojua hata namba yake ya IP hupiga ukelele kwenye waya: anwani yangu ya Ethernet ni hii, nani ananijua? Huo ni utaratibu uitwao RARP, ulioandikwa mwaka 1984. Asipojibu mtu, skrini hujaa sentensi moja: "Timeout waiting for ARP/RARP packet". Hurudiwa na kurudiwa. Katika ushairi takriri hutia mkazo, hapa inaficha. Sentensi inamtaja anayengoja na kinachongojwa, lakini haina nafasi ya yule anayepaswa kujibu. Huenda seva haijawasha huduma ya rarpd. Huenda faili la /etc/ethers halina anwani ya mashine, au lina jina ambalo halimo kwenye /etc/hosts. Huenda kebo imechomekwa kwenye mlango ambao mashine haiusikilizi, kwa kuwa baadhi ya SPARCstation zina njia mbili za Ethernet. Sababu zote hizo zina sauti moja. Kinachookoa ni amri nyingine ya PROM, "watch-net", inayochapa nukta kwa kila pakiti nzima na X kwa kila pakiti mbovu. Nukta zikitiririka, waya ni mzima na kosa liko upande wa seva. Kimya kikitawala, usiiguse seva bado. Kwa alama mbili tu amri hiyo inasema mengi kuliko sentensi nzima ya kungoja.

RARP ikijibiwa, mashine inaomba faili kwa TFTP, na jina la faili inalitunga yenyewe kutokana na anwani iliyopewa. Yenye 192.168.1.10 itaomba C0A8010A.SUN4C ikiwa ni ya tabaka la SPARCstation 1 na 2, au C0A8010A.SUN4M ikiwa ni ya 5, 10 na 20. Herufi lazima ziwe kubwa, kwa sababu kwenye Unix herufi ndogo ni jina lingine. Kinachopaswa kukaa chini ya jina hilo ni kipakiaji cha mtandao, boot.net. Mtu akiweka kerneli mahali hapo, PROM itaipakua yote, itahesabu baiti zake mbele ya macho ya mtu huyo, kisha iseme: "The file just loaded does not appear to be executable". Faili lililopakiwa halionekani kuwa la kutekelezwa. Halionekani! PROM haisemi kwamba faili ni bovu. Inasema kwamba kwa jicho lake, linalotambua aina chache tu za vichwa vya faili, hili halifanani na kile inachoweza kukiendesha. Kiasi hicho cha tahadhari ni taarifa kamili kwa anayekisikia: usipakue faili upya, uliza kama ndilo faili lenyewe.

Baada ya hapo kipakiaji huchukua zamu, na hapa pana shimo kubwa kuliko yote katika matini. PROM ilikuwa imeuliza kwa RARP na TFTP. Kipakiaji kinauliza kwa njia nyingine, kupitia huduma ya bootparamd, kisha NFS. Seva iliyojibu vizuri sana kwa msimulizi wa kwanza inaweza isimjibu kabisa wa pili. Anayetazama skrini anaona mtandao uliokuwa ukifanya kazi sekunde kumi zilizopita umenyamaza, anahisi kebo, anahisi kadi. Hakuna kilichoharibika. Amebadilika anayeuliza, na amebadilika anayeulizwa. Kipakiaji kingelisema tu "sasa namuuliza bootparamd" kabla ya kungoja, usiku mwingi wa watu ungeokolewa.

Kipakiaji kina jambo jingine la kuvutia: sauti ni yake, lakini macho ni ya kuazima. Kwenye SPARC husoma diski kupitia PROM. Na PROM za kizazi cha mwanzo husoma diski kwa ile amri fupi ya SCSI yenye biti 21 za kutaja kipande. Baiti 512 zikizidishwa kwa idadi ya vipande vinavyotajika kwa biti hizo, unapata gigabaiti moja. Kerneli iliyolala ng'ambo ya mpaka huo haionekani na kipakiaji, ijapokuwa kerneli hiyohiyo, ikiwashwa kwa njia nyingine, huiona diski yote bila taabu. Ndiyo maana kwenye mashine hizo sehemu ya kwanza ya diski, ile ya a, hushauriwa ianze mwanzoni na isivuke gigabaiti ya kwanza. Visomaji vya CD vina kisa kinachofanana: PROM hutaka vipande vya baiti 512, vingi vya madukani hutoa vya 2048, na lawama huishia kwa CD isiyo na kosa.

Kerneli inapoamka, mtindo hubadilika ghafla, nami nadhani hapa ndipo matini inapofikia kilele cha fani yake. Kila kifaa hupata mstari wake, na kila mstari hutaja kifaa kisha kinapokaa. "esp0 at sbus0". "scsibus0 at esp0". "sd0 at scsibus0 target 3 lun 0". Hii ni nasaba. Diski ni sd0 bin scsibus0 bin esp0 bin sbus0, mpaka umfikie babu wa wote, mainbus0. Kama wasomaji wa nasaba wanavyojua, thamani iko kwenye kiungo kilichokatika. Ukimwona esp0 na scsibus0 lakini hakuna sd yoyote chini yao, mzazi yu hai na hana mtoto: kagua diski, kebo yake, na kifungio cha mwisho wa kebo. Usipomwona esp0, achana na diski kabisa, kwa kuwa tatizo liko kizazi kimoja juu.

PROM nayo ina nasaba yake, ila inaisoma kwa kwenda kinyume. Diski hiyohiyo kwenye SPARCstation 2 huitwa /sbus@1,f8000000/esp@0,800000/sd@3,0. Hapo babu anatangulia na mjukuu anafuata. Kerneli, ndani ya kila mstari, humtaja mtoto kwanza. Anayetaka kulinganisha wasimulizi hawa wawili aisome orodha ya kerneli kutoka juu kwenda chini, akishika neno la kwanza la kila mstari, ndipo mpangilio utakapopatana na njia ya PROM. Kwenye PROM za toleo la kwanza kuna mtego zaidi: huko diski huitwa sd(0,0,0), na sufuri ya katikati si namba ya SCSI. Sun iliiweka diski ya ndani kwenye namba 3 na kuipa jina la 0, na ile ya namba 0 ikaitwa 3. Kwa hiyo kuna sufuri ya PROM, kuna tatu ya waya, kuna sd0 ya kerneli, na zote zinaweza kuwa diski moja au diski mbili tofauti. Namba ya mwisho kwenye mabano ndiyo sehemu ya diski: 0 ni a, 1 ni b. Unapoweka mfumo mdogo wa kusakinishia kwenye sehemu ya b na kuuwasha kutoka huko, PROM mpya inataka "boot disk:b" na ya zamani inataka sd(0,0,1), na kerneli ikishawaka itaiita sehemu hiyo sd0b.

Mstari unaotisha wageni bure ni ule unaomalizikia "not configured". Mathalani "SUNW,DBRIe" kwenye SPARCstation 10 au 20, katika kerneli isiyo na kiendeshi cha kifaa hicho cha sauti. Jina hilo lenye herufi kubwa na koma halikutungwa na kerneli, limenukuliwa kutoka PROM. Kerneli inasema: mwenzangu ameniambia kuna huyu, mimi simjui. Si hitilafu, na usakinishaji hauzuiwi nao. Tofauti ya mtindo kati ya majina ya kerneli, madogo na yenye namba mwishoni, na majina ya PROM inatosha kukuonyesha nani anamnukuu nani.

Na kifo nacho kina namna mbili za kusimuliwa. Kerneli ikikutana na jambo isiloliweza huandika "panic" na sababu yake, kisha hufunga. Hayo ni maneno yake ya mwisho, na lazima yasomwe kama ushahidi wa aliyekuwapo. Lakini skrini ikiandika "Watchdog Reset" na kurudi kwenye "ok", msemaji ni PROM. Kerneli ilipatwa na dharura wakati ambapo haikuruhusiwa kupokea dharura, prosesa ikajirudisha mwanzo, na msimulizi wa kwanza anatangaza msiba ambao hakuushuhudia. Kutafuta sababu ndani ya maneno hayo mawili ni kazi bure. Kagua vipande vya kumbukumbu, moduli ya prosesa, na kama kerneli uliyoipakia ni ya tabaka la mashine yako.

Kisakinishi sitakikalia. Ni menyu, nacho kinafanya kazi yake; kikichora mistari iliyovurugika, aghalabu umekitajia aina ya terminali isiyo sahihi.

Linalostahili neno ni maelezo yenyewe ya usakinishaji yanayotolewa na mradi wa NetBSD, faili la INSTALL, ambalo hupatikana kwa sura kadhaa, mojawapo ikiwa ya kusomwa ukurasa kwa ukurasa kwenye terminali tupu. Huandikwa kutokana na kiolezo cha pamoja cha mashine zote, kisha kila aina ya mashine hutiliwa vifungu vyake. Mshono huo unaonekana. Sauti ya pamoja ni ya jumla, inaeleza mradi na ukubwa wa seti. Sauti ya SPARC ni ya mtu aliyekaa mbele ya mashine. Inakuonyesha skrini inapaswa kuandika nini, na hiyo ndiyo huduma kubwa kuliko zote mwandishi wa maelezo anaweza kumpa aliyekwama. Urithi wake ni wa muda mrefu: msingi wa kazi ya SPARC ulitoka kwa Chris Torek, aliyeihamishia BSD kwenye prosesa hizo akiwa maabara ya Lawrence Berkeley. Kasoro ya maelezo hayo, kwa maoni yangu, ni mpangilio. Yamegawanywa kwa chombo cha kuwashia: floppy, CD, tepu, mtandao. Aliyekwama hajui ni chombo gani kimemkosea, anajua tu mstari wa mwisho aliouona. Yangepangwa kwa msemaji, yakianza na kauli za PROM, kisha za kipakiaji, kisha za kerneli, angefungua ukurasa unaomhusu mara moja.

Haja ya mpangilio huo inaongezeka, maana wasomaji wanapungua na walimu wanapungua zaidi. OpenBSD iliiacha SPARC ya biti 32 baada ya toleo la 5.9 la mwaka 2016. Mafundi waliozitumia mashine hizi kazini wanastaafu, na maandishi yatabaki peke yake na msomaji asiye na wa kumuuliza.

Kwa hiyo nina ombi kwa kila anayeishughulikia mashine ya namna hii na kuomba msaada. Ing'oe kibodi kabla ya kuwasha, ili maandishi yote yapitie kwenye mlango wa siriali, baudi 9600, biti 8, bila pariti. Unganisha kompyuta nyingine hapo, na uhifadhi kila kitu tangu bango la Sun hadi herufi ya mwisho. Kisha tuma yote bila kukata. Ukituma mstari wa mwisho peke yake, unamnyima anayekusaidia jambo la kwanza analohitaji, nalo ni kujua nani alikuwa anasema.